Vyuma vya Bonde la Matofali

Vijana wanaonichimbia choo hapa nyumbani kwangu Musinzira waliniita asubuhi moja, hata uso sijanawa. "Mama, njoo uone, tumegonga kitu." Kilikuwa kichwa cha mkuki, mpini hakuna, kimeliwa na kutu mpaka kingo zake zimekuwa kama mkate uliotafunwa na panya. Wao walicheka, wakaniuliza kama wanaweza kukipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikawaambia chukueni, mali yenu. Lakini nilikuwa nimeshakishika, na hapo ndipo nilipojiponza. Chuma kilicholala udongoni miaka mingi kina harufu yake, na harufu hiyo inang'ang'ania kiganjani. Nilinawa kwa sabuni, nikanawa kwa majivu. Mchana nilipokaa kula ugali wangu na lengalenga, bado naisikia. Nikaacha chakula, nikakaa kibarazani peke yangu, na mawazo yakanirudisha Muyinga.

Ninyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa miaka ile. Wajukuu wakisikia neno vita wanauliza habari za milio na moto. Milio ilikuwepo, sikatai. Ila mimi nikikumbuka, ninachokumbuka zaidi ni kungoja. Tulingoja barabara ifunguliwe, tukangoja sukari ifike, tukangoja mtu aliyesema anatoka kidogo. Nilikuwa hodari wa kungoja kuliko watoto wote wa mtaa ule, na hakuna aliyenipa zawadi kwa hilo.

Kwetu ni Magarama, hapa hapa Gitega. Baba yangu, Amissi, alikuwa na duka la chumvi, sabuni na vitenge, na nyumba yetu ilikuwa nyuma ya duka. Mama yangu alifariki kwa malaria kabla mambo hayajaharibika, hivyo tulibaki wawili. Mchana nililala juu ya magunia ya chumvi huku baba akibishana na wateja, na sauti yake ndiyo iliyonibembeleza. Nilijua kupima chumvi kwa kopo kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Mtu akiniuliza wewe ni nani, nilijibu mimi ni wa dukani kwa Amissi, nikaona nimemaliza.

Halafu milio ikaanza kusikika kwenye vilima, kwanza mbali, kisha karibu. Duka likawa linafungwa mapema. Asubuhi moja baba alifunga nguo zangu kwenye kitenge kipya, cha dukani, ambacho siku nyingine asingeniruhusu hata kukigusa. Tukapanda kamyo iliyokuwa inaelekea Muyinga, kwa kaka yake mkubwa, kwa sababu kule, alisema, kumetulia kidogo. Njia nzima nilikaa mapajani mwake. Tulipofika hakukaa hata kunywa chai. Shofere alikuwa ameacha injini inanguruma barabarani, na kila baada ya muda anapiga honi.

"Baba, unarudi lini kunichukua?"

"Vita ikiisha. Siku hiyohiyo nakuja."

"Na inaisha lini?"

Honi ikapigwa tena. Baba aligeuka akatazama kamyo, akanigeukia. "Silaha zote zikikusanywa, mwanangu. We si unasikia radiyo? Zikikusanywa zote, basi, imeisha."

Mtu mzima akijibu hivyo anataka tu aondoke. Mimi mtoto nililichukua jibu lile kama nilivyokuwa nikichukua maagizo yake ya dukani: lete ndoo, funga dirisha, hesabu sabuni. Nilikuwa nimepewa kazi, na nilijua kazi ikiisha nini kitatokea.

Baba Mkubwa alikuwa mhunzi. Karakana yake ilikuwa bati nne juu ya miti, pembeni ya nyumba, katika mtaa wa Waswahili wa Muyinga, na toka alfajiri baada ya swala mpaka alasiri ulisikia nyundo. Alikuwa mtu mkubwa mwenye maneno machache, mikono imejaa makovu ya cheche. Mkewe, Mama Mkubwa, alisuka vikapu na alikuwa na maneno machache kuliko mumewe. Msinielewe vibaya, walinipenda. Walinilisha, walinivisha, nikiumwa Mama Mkubwa alikesha. Lakini watoto wao walikuwa wameshakua na kuondoka, wengine Bujumbura, wengine Tanzania, na wale wazee wawili walikuwa wamezoea kukaa kimya pamoja. Walikaa kimya raha mustarehe. Mimi nilitoka dukani, mahali ambapo watu wanasema kutwa, na kimya kile kilinishinda.

Nililala peke yangu kwenye chumba kilichokuwa cha wavulana wanne. Madrasa nilikaa mwisho wa mkeka. Wasichana wa mtaa walikuwa na urafiki wao wa tangu tumboni, na mimi waliniita "wa Gitega", kama vile Gitega ni ugonjwa. Kuna siku niliwaomba kuruka kamba nao, mmoja akaniambia, "Ngoja kwanza, kamba ni fupi." Kamba ilikuwa ndefu, niliiona kwa macho yangu. Nilikaa chini nikangoja mpaka wakamaliza na kwenda zao. Nilikuwa mpweke, sina njia nyingine ya kulisema.

Chini ya mtaa kulikuwa na bonde ambalo watu walifyatua matofali. Wachimba udongo walikuwa na mapatano ya zamani na Baba Mkubwa: yeye anawanolea majembe yao bila malipo, na wao kila chuma wanachokikuta shimoni wanamletea yeye. Wakati ule mapatano hayo yalikuwa na faida, kwa kuwa kamyo mbovu za kung'olewa springi zilikuwa hazipatikani tena, na mhunzi bila chuma ni mtu aliyekaa na moto wake tu. Nikawa mimi ninayetumwa kuchukua. Siku ya kwanza mfyatuaji mmoja alinitupia kitu chenye matope, akasema, "Mpelekee mzee, hii ni ya zamani sana." Nilikisugua kwa majani. Kilikuwa kichwa cha mkuki.

Sasa nisikilizeni nilivyofikiri, maana mtoto naye ana hesabu zake. Karakanani watu walikuwa wakija na kunong'ona. Nilikuwa nimewasikia wakisema kwamba silaha zimezikwa, kwamba fulani amefukia, kwamba ardhi ya siku hizi imejaa silaha. Baba alisema zikikusanywa zote vita vinaisha. Na hapa mimi nimeshika silaha iliyotoka ardhini. Nani wa kunidanganya tena? Nilipandisha kilima nikikimbia, kifua kinataka kupasuka. Niliona nimeipata njia ya kurudi nyumbani.

"Hii ni ya zamani, kabla ya Wadachi, wale Wajerumani," alisema Baba Mkubwa, akiipima mkononi. "Chuma ya wazee. Waliyeyusha mawe wenyewe."

"Lakini ni silaha?"

"Ilikuwa silaha."

"Utaifanya nini?"

"Jembe, Mungu akipenda."

Akaiweka motoni. Alinionyesha jinsi chuma cha wazee kilivyo laini, kinavyotii nyundo upesi kuliko springi ya gari, na jinsi anavyounganisha vipande viwili vitatu mpaka vinakuwa kitu kimoja. Mimi sikuwa nikitazama ufundi. Nilikuwa nikitazama silaha ikiisha. Ile ncha ilitanuka, ikalala, ikapotea. Nilipumua. Mama Mkubwa, aliyekuwa anapita na kikapu chake, aliniuliza nacheka nini, nikamwambia sicheki kitu.

Toka siku ile sikungoja kutumwa. Nilitoka madrasa moja kwa moja mpaka bondeni. Wafyatuaji walipopumzika niliingia mashimoni mwao na kijiti, nikachokoa kuta. Mvua ilikuwa rafiki yangu, maana ikinyesha inaosha udongo na asubuhi unakuta kitu kimechungulia. Niliokota vichwa vya mishale vidogo kama majani ya mhogo mchanga. Niliokota mikuki iliyovunjika, visu visivyo na mpini. Mara moja niliokota mtutu wa bunduki uliopinda, mrefu kunizidi, na karibu yake maganda ya risasi ya shaba yaliyogeuka kijani. Baba Mkubwa alisema hayo ni ya vita vya Wadachi na Wabelgiji, babu yake alivisimulia. Aliyatazama yote moja moja, akahakikisha hakuna risasi nzima, ndipo akanirudishia.

"Ukiona kitu ya duara, au kitu mpya, usishike," aliniambia, na hapo alinishika masikio yote mawili ili nisikie vizuri. "Unaniita mi. Umesikia?"

"Nimesikia Baba Mkubwa."

"We unapenda hii kazi kweli."

Nilimwambia naipenda. Alifurahi sana, na yeye si mtu wa kuonyesha. Alidhani nimepata mapenzi ya uhunzi ambayo wanawe wote wanne walimnyima. Jioni alinieleza mambo ya moto, rangi ya chuma kinapokuwa tayari, makaa ya mti gani yanadumu. Mimi nilitikisa kichwa, nikimngojea amalize ili niulize kama leo ameyeyusha vingapi. Tulikuwa wawili kwenye benchi moja, kila mtu na furaha yake, na hatukukutana hata kidogo. Nikikumbuka sura yake ile roho inaniuma mpaka leo.

Niliweka akiba yangu, vile vyuma vilivyongoja zamu yao ya moto, kwenye chungu kilichotoboka, nyuma ya banda la mbuzi. Niliongea nayo, kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kuongea naye. Niliiambia mikuki habari za Magarama, jinsi duka linavyonuka asubuhi linapofunguliwa, sabuni na vitenge vipya. Niliiambia kwamba baba anajua nyimbo nyingi na haimbi mbele za watu. Kila jembe lililotoka karakanani nililigusa kabla halijauzwa. Usiku nilisikiliza radiyo ya jirani kupitia ukutani, kama watasema sasa zimebaki chache. Radiyo haikusema. Niliona ni sawa, labda habari za bonde letu hazijawafikia.

Misimu ikapita. Nilirefuka, gauni likawa linaishia magotini. Kitenge nilichofungiwa nguo kilikuwa kimepauka. Baba hakuja wala hakutuma mtu, na kila nilipouliza, Mama Mkubwa alisema, "Barabara ni mbaya, mwanangu," akainama kwenye kikapu chake.

Halafu ikaja ile siku ya mkuki. Nilitoka madrasa nikakuta mkuu wa mtaa wetu amekaa karakanani na wanaume wengine. Walikuwa wamepanga zamu ya kulinda mtaa usiku na hawakuwa na kitu mkononi. Nilisimama nyuma ya mti mmoja ulioshika bati. Baba Mkubwa alikuwa anapiga chuma, na nilikitambua chuma kile, nilikuwa nimekileta mwenyewe juzi, kipande kipana chenye tobo. Nilitazama kikitanuka nikangoja kiwe jembe. Hakikuwa. Kilirefuka, kikachongoka, kikapata mgongo katikati. Baba Mkubwa alikitumbukiza majini, kikalia, akakitoa akamkabidhi mkuu wa mtaa. Kilikuwa mkuki mpya, unang'aa.

Wale watu walipoondoka nilimwendea. Nilikuwa nalia, na mimi nikilia nakuwa na hasira.

"Kwa nini umefanya mkuki?"

"Wameomba mikuki."

"Si ulisema majembe!"

Alishangaa. Hakuna aliyewahi kumpigia kelele pale. "Mtoto, jembe nani atanunua sasa? Watu iko wanaogopa kwenda shamba. Mtaa unataka kulindwa."

"Mi nazitoa chini ziishe, na we unazirudisha!"

Alinitazama, nyundo mkononi. Nafikiri ndipo alipoanza kuona kwamba mimi na yeye hatukuwa tukifanya kazi moja. Baadaye, nilipokuwa mkubwa, nilielewa kwamba alikuwa na neno la kuniambia na hakuwa na ujasiri. Aliniambia tu, "Nenda kwa mama yako mkubwa ukale." Sikula. Nililala na njaa nikafanya hesabu upya. Kwa mhunzi silaha haziishi, zinazunguka. Radiyo ilisema zikusanywe, zipelekwe kwa wenye mamlaka. Mimi nilikuwa nimezipeleka pasipo penyewe, na miaka yote hii nilikuwa nikijichelewesha mwenyewe.

Asubuhi sikwenda madrasa. Nilijaza chungu chote kwenye kikapu cha Mama Mkubwa, nikafunika kwa majani ya mgomba, nikajitwika. Mtutu uliopinda niliuburuta. Shingo ilikuwa inataka kuzama mwilini. Nilipita katikati ya mji mpaka barabara ya Kobero, ambako maaskari walikuwa na bariyeri yao, mti mmoja juu ya madebe mawili yenye mawe. Kamyo za wafanyabiashara zilizokwenda mpakani kuchukua mizigo ya Tanzania zilipita pale kwa msafara, kwenda na kurudi.

Askari wawili walikuwa wamekaa kwenye gogo, mmoja mzee kidogo mwenye mvi kidevuni, mwingine kijana. Niliweka kikapu chini mbele yao.

"Nimeleta silaha," nilisema.

Kijana alisimama upesi, mkono kwenye bunduki. Yule mzee alifunua majani kwa ncha ya kiatu, akachungulia, akachuchumaa. Alitoa kichwa cha mshale akakiweka kiganjani.

"Hizi umepata wapi?"

"Chini, bondeni. Nimechimba. Nyingine zimeharibika, Baba Mkubwa amezifanya majembe. Hizi ndizo zimebaki. Zimeisha zote."

"Na nani amekutuma?"

"Baba yangu."

Walitazamana. Wakati ule mtu kuwa na silaha nyumbani lilikuwa jambo la kupoteza kichwa, na mimi sikulijua hilo. Askari mzee aliniuliza taratibu baba yangu ni nani. Nikamjibu kama nilivyofundishwa dukani, kwa sauti, ili mteja asikie: "Ni Amissi, anauza chumvi na vitenge Magarama, Gitega."

Yule kijana akacheka, mkono ukatoka kwenye bunduki. "Amissi wa chumvi? Yule mfupi anayeimba? Chef, huyu ni mtoto ya Amissi."

"Kumbe," alisema mzee. "Basi kaa hapo kwenye kivuli, mwana wanje. Msafara unarudi leo toka Kobero, na yeye iko ndani. Akipita utamwona."

Nataka mnielewe nilivyokuwa dakika ile. Mtu mwingine angeuliza maswali. Mimi sikuuliza kitu. Nilikuwa nimekabidhi silaha, na papo hapo naambiwa baba anakuja. Aliniambia siku hiyohiyo, na ni siku hiyohiyo. Nilikaa kwenye gogo la maaskari, nikajipangusa vumbi miguuni kwa mate, nikafunga kilemba changu upya. Nilifikiria nitamwambia nini kwanza. Niliwaza kwamba sina haja hata ya kurudi kuchukua nguo, zimekuwa fupi zote. Niliwaonea huruma Baba Mkubwa na Mama Mkubwa, watabaki na kimya chao. Sijawahi tena katika maisha yangu kuwa na furaha ya namna ile, na nimeolewa, nimezaa.

Askari kijana, kwa kuchoka kukaa, alikuwa anatupa vichwa vya mishale mtaroni kimoja kimoja, akijaribu kupiga kopo. Nilimwona, nikaona ni sawa, ameshapokea, ni kazi yake sasa.

Kamyo zilisikika kabla ya kuonekana. Ya kwanza ikapita, ya pili. Ya tatu ilisimama na nikamwona baba dirishani. Alikuwa amenenepa. Alikuwa anacheka kwa maneno ya mtu aliye ndani, na askari kijana akamwita kwa jina kama unavyomwita jirani.

"Amissi! Wiki hii umechelewa."

"Forodha," alijibu baba. "Wiki ijayo nitawahi."

"Shuka basi, kuna mtu iko anakungoja."

Baba akageuza shingo akaniona. Nilishasimama chini ya dirisha lake. Nilitaka kusema vita vimeisha, baba, nimezikusanya zote. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni. Lakini kicheko kilikuwa kimemtoka usoni, na badala yake hakuna kilichoingia. Kisha nyuma ya bega lake akachungulia mwanamke kijana, mzuri, amejifunga kitenge cha bei, na mapajani mwake amesimama mtoto wa kiume aliyeshika kola ya shati la baba yangu kwa mikono yote miwili.

"Ni nani huyu?" mwanamke aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kusalimia.

Baba alinitazama. Nilimwona akitafuta, kama alivyokuwa akitafuta chenji kwenye mtoto wa meza mteja akiwa amesimama. Akasema, "Ni mtoto wa kaka yangu. Yule mhunzi wa hapa Muyinga."

"Kumbe mwenzetu," alisema mwanamke, na uso wake wote ukafunguka. "Amefanana na nyinyi jamani. Na we Amissi kila wiki tunapita hapa, hata siku moja hujanipeleka kwa shemeji." Akapekua kwenye mfuko wake, akanipitishia dirishani andazi lililofungwa kwenye karatasi, bado lina joto la Kobero. "Chukua mwanangu. Msalimie sana baba yako."

Yule askari mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisikia. Ningeweza kugeuka nikamwambia aseme ukweli, alikuwa shahidi. Ningeweza kulia pale, na nilikuwa na haki. Nilimtazama baba, na baba alikuwa ananitazama kwa macho ya kuomba. Sijui kama kuna mtoto anayepaswa kuombwa hivyo na mzazi wake. Nilikuwa nampenda. Nilipokea andazi kwa mikono miwili kama nilivyolelewa.

"Asante, mama," nilisema.

Mti wa bariyeri ukanyanyuliwa. Kamyo ikaondoka kuelekea Gitega, barabara nzuri kabisa, kavu, na mtoto yule akanipungia mkono dirishani mpaka vumbi likawafunika.

Askari mzee aliniuliza kama anisindikize. Nilimwambia napajua. Kikapu kilikuwa kitupu na bado kilinielemea. Nilipita mjini, nikapita njia ya bondeni bila kushuka, na andazi lile nililiweka kwenye uzio wa mtu, kuku walile. Baba Mkubwa alikuwa karakanani. Wakati wote alikuwa akinitafuta; Mama Mkubwa alikuwa amekwenda hadi madrasa, na yeye alikuwa amerudi sasa hivi, jasho linamtoka, ameshika nyundo bila kupiga kitu. Aliona kikapu, akaona nimetoka upande gani wa barabara, na nikaona kwenye uso wake kwamba alikuwa anajua, siku zote, msafara unapita siku gani.

Nilikaa kwenye benchi letu.

"Baba," nilimwambia, "unasalimiwa."

Aliweka nyundo chini taratibu. "Na nani?"

"Na mdogo wako. Na mke wake, na mtoto wao."

Alikaa karibu yangu. Mkono wake mzito ulishuka begani kwangu.

"Na we uliwajibu nini?"

"Nilisema asante," nilimwambia. "Nikamwacha apite."